Shati la Mkiwa

Ukumbi wa kukunjia haukuwa na taa, maana mwanga wenyewe ndio uliokuwa kazi. Ulishuka kutoka darini kama chandarua, mweupe, mwembamba. Ukiingiza mikono ndani yake unaisikia protini inakugusa vidoleni: hapa inateleza, hapa inakwaruza, hapa inadunda polepole kama mshipa wa shingo. Zamoyoni alikuwa ameviacha viatu mlangoni. Wakunjaji wote wa Kituo cha chanjo walifanya kazi miguu peku. Hakuna aliyewaamrisha, ila ukivaa viatu mkunjo ulikuwa haukai.

Alikuwa anakunja shati.

Ndivyo walivyoiita ile protini. Kimelea cha malaria kinaingia mwilini kimevaa shati, na askari wa mwili wanamjua adui kwa shati lake. Shida ilianza pale vimelea vya bonde la Rufiji vilipojifunza kubadilisha mashati njiani, kabla askari hawajageuza hata shingo. Chanjo za zamani zikabaki zinamtafuta mtu wa shati la juzi. Basi kazi ya wakunjaji ikawa kuutafuta ule mshono mmoja ambao kimelea hakiwezi kuubadili hata kibadilishe mashati mara mia, waukunje upya peke yake, bila kimelea ndani. Shati tupu. Halafu maelekezo yake wanaipa hamira, hamira hii hii ya maandazi, nayo inashona mashati usiku na mchana kwenye mapipa chini ya ukumbi. Ndiyo maana Kituo kizima kilinukia maandazi, na wageni wakifika tu walikuwa wanaulizia chai.

Zamoyoni alikuwa fundi kuliko wote, na mzito wa kusema kuliko wote. Kwenye vikao alikaa karibu na mlango. Akiulizwa swali, jibu lilikuwa linamfika mdomoni wakati wenzake wameshahamia jambo lingine.

Shati lile, Namba Arobaini, lilimsumbua miezi saba. Lilikuwa na vipande viwili vizuri, ila katikati palitaka bawaba, herufi tano za kuviunganisha. Protini ina alfabeti yake, herufi ishirini, kila herufi ni punje moja ya ule mkufu. B haimo. J haimo, wala O, wala U, wala Z. Majina mengi hayaandikiki humo. La Zamoyoni halianzi hata kuanza. Lakini mchana mmoja, vidole vimekufa ganzi, macho yamejaa mwanga, aliweka M. Akaweka K. Akaweka I, W, A, bila kuwaza, kama mtu anayechora kwenye vumbi huku anazungumza na mwenzake.

Shati likakaa. Lilijikunja lenyewe kama khanga iliyozoea mikunjo yake, na mwanga ukawa rangi ya asali.

Kwenye fomu palikuwa na mstari: Bawaba imetoka wapi? Akaandika: Imependekezwa na mashine.

Mkiwa alikuwa mdogo wake. Alizaliwa baba yao ameshazikwa, ndiyo maana akapewa jina hilo, mtu aliyebaki peke yake. Alikufa akiwa na miaka sita, kwa degedege, saa nane mchana, mvua inanyesha, njia ya zahanati imegeuka mto. Alikuwa na gauni la chekechea la bluu. Kifungo cha juu kilikuwa kimepotea, na Zamoyoni, mwenye miaka kumi wakati huo, alishona kingine alichokinyofoa kwenye koti kuukuu la bibi: chekundu, kikubwa mno, hakikupita kwenye tundu. Mkiwa alilivaa vilevile, kifua wazi, anaringa. Hilo la kifungo Zamoyoni alikuwa hajawahi kumsimulia mtu.

*

"Mtani! Toka kwenye hicho chandarua chako."

Mama Komba, nesi wa chanjo, alikuwa hajui kubisha hodi. Alisimama mlangoni na daftari lake lenye jalada la plastiki, jasho linamtoka, tabasamu limemjaa.

"Nyie Wandengereko bwana, mkiona kivuli tu mmeshalala."

"Na nyie Wangoni mkiona njia tu mmeshavamia watu," Zamoyoni akajibu bila kugeuka. Huyu ndiye pekee aliyeweza kumtoa maneno. Ukichokozwa na mtani wako lazima ujibu, la sivyo unaonekana hukulelewa.

"Haya, mvamizi kaleta habari. Watoto elfu moja na mia mbili, dozi ya pili imeshawaingia. Tumepima damu zote. Hakuna hata mmoja mwenye kimelea. Hata mmoja! Mkubwa wako Daktari Mbonde anatembea kama bwana harusi."

Zamoyoni akaitoa mikono kwenye mwanga. Alitaka kufurahi, na furaha ilianza kuja, ila Mama Komba alikuwa hajafunga daftari.

"Kuna kitu kingine," Mama Komba akasema, sauti imeshuka. "Mtoto akichanjwa mimi namuuliza: mkono unauma? Kichwa? Umetapika? Naandika. Sasa arobaini na mmoja wameniambia ndoto. Ndoto moja, mtani. Vijiji vinne, hawajuani, wanaota ndoto moja. Na wanaiota mchana, wakilala baada ya kula."

"Ndoto gani?"

"Twende ukasikie mwenyewe. Nikikusimulia mimi utasema ni Ungoni wangu."

*

Barazani pa zahanati, kwenye mkeka, alikaa msichana wa miaka sita asiye na meno mawili ya mbele. Aliitwa Semeni. Mama yake, mkulima wa ufuta, alikuwa nyuma yake anamsuka, na kila mara mtoto akigeuza kichwa anakirudisha kwa goti.

"Shikamoo," Semeni akasema.

"Marahaba. Nimeambiwa unaota."

"Naota nyumba. Kubwaaa. Kuta zake nyekundu, na zinapumua hivi." Akajaza mashavu, akayaachia. "Tupo watoto wengi. Tunalinda mlango."

"Mnamlinda nani?"

"Mlango tu. Halafu anakuja yule mtoto. Kavaa shati la kijivu, refu, linaburuza chini. Anagonga."

"Anataka nini?"

"Hasemi. Sisi tunajua ni mbaya, tumeliona shati. Tunamfukuza, tunamrushia mawe. Mimi nina shabaha!"

"Kaa vizuri," mama yake akasema, akampiga goti.

Zamoyoni akauliza, "Na yeye anakimbia?"

"Anarudi nyuma kidogo, anasimama. Kesho anakuja tena. Mkubwa kama mimi." Semeni akamkazia macho mgeni, kama mtu anayelinganisha vitu viwili. "Ana aibu kama wewe. Anasimama hivyo hivyo, mguu mmoja juu ya mwingine."

Zamoyoni akaangalia chini. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umekaa juu ya wa kulia. Tangu utoto ndivyo walivyosimama, yeye na mdogo wake, mpaka mama yao akawaita korongo.

Akautoa ule mguu taratibu, akauweka chini.

Chanjo inaufundisha mwili. Hilo alilijua tangu shule. Unauonyesha mwili kitu, unauambia: hiki kikumbuke, siku kikija kifukuze. Na mwili hausahau. Yeye alidhani ameliandika jina la mdogo wake mahali ambapo halitafutika milele. Kumbe alimshonea mdogo wake nguo ya adui, akamsimamisha mlangoni pa damu ya watoto elfu moja na mia mbili, akawaambia: mwoneni vizuri huyu.

Njia nzima ya kurudi Kituoni Mama Komba alikuwa anaongea. Zamoyoni hakusikia hata neno.

*

Kabla ya kwenda kwa mkubwa wake alifanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo. Aliziweka zile herufi tano kwenye mashine, akaiambia ilinganishe na kila protini iliyomo ndani ya mwanadamu: ya moyo, ya ubongo, ya kucha. Kama bawaba inafanana na kitu cha mwili, askari wanaweza kumgeukia mwenye nyumba. Mashine ilizunguka muda wa kuchemsha chai, ikaandika: Haifanani na chochote. Akarudia. Haifanani. Akarudia mara ya tatu, machozi yanadondokea mezani.

Daktari Mbonde alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mzee mrefu mwenye mikono ya mkulima, na ndiye aliyemtoa Zamoyoni kijijini kuja kusoma kukunja. Alipomaliza kusikiliza alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Mashine imesema haina madhara?"

"Haina."

"Na watoto hawaumwi."

"Hawaumwi. Wanaota tu."

"Wanaota." Akaivaa tena miwani. "Zamo, mwanangu, nisikilize. Leo tumebakiwa na siku ishirini na tano mvua ianze. Dozi ya tatu ndiyo inayokaza. Bila hiyo, zile mbili zinalegea, unajua kuliko mimi. Ukisema umeweka neno lako kwenye chanjo, kamati itasimamisha. Lazima isimamishe, hata mimi ningesimamisha. Watoto wataingia mvuani kinga nusu. Ukinyamaza, wanapata kinga nzima, na wewe unabaki na siri ya herufi tano."

"Wazazi walituuliza kilichomo ndani," Zamoyoni akasema. "Mama Komba akawasomea karatasi yote. Hilo halikuwemo."

"Ungewaambia nini? Kwamba kuna jina?"

"Ndiyo."

"Wangekataa?"

"Sijui, Daktari. Ndiyo maana mtu anaulizwa."

Nje hamira ilikuwa inachemka kwenye mapipa, mlio kama wa watu wengi wanaonong'ona.

"Mdogo wako alikufa kwa ugonjwa gani?" mzee akauliza.

"Malaria."

"Basi mfikirie na yule atakayekufa mwezi ujao kwa sababu wewe umetaka moyo wako utulie." Hakusema kwa hasira. Alisema kwa uchovu, na hilo ndilo lililouma. "Mimi sitakuzuia na sitakulazimisha. Kikao cha wazazi ni keshokutwa."

*

Mama Komba alikuwa anafua sare zake nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Zamoyoni alichuchumaa karibu na beseni, akamweleza yote, akisubiri utani. Utani haukuja.

"Kwetu," Mama Komba akasema huku anakamua, "mtu mzima akifa, mtani anavaa nguo zake. Anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, anadai pombe kama yeye. Watu wanacheka mpaka wanalia. Mwisho tunamfukuza uani kwa ufagio: nenda zako, umekula vya kutosha! Na yule marehemu anaenda kweli, roho nyeupe."

"Kwetu pia wanafanya."

"Kwenye msiba wa Mkiwa walifanya?"

"Hapana."

"Hawawezi kufanya. Msiba wa mtoto hauna mtani. Unajua kwa nini?" Mama Komba akaitundika sare, akaivuta pindo inyooke. "Mtoto akija mlangoni, hakuna anayeweza kushika ufagio. Sasa wewe umewapa watoto wenzake wakushikie."

Zamoyoni akauficha uso magotini. Mama Komba alimwacha alie, halafu akamrushia maji ya sabuni kwa ncha za vidole.

"Na jina lako lenyewe hilo, Zamoyoni. Yaani mambo yote yamebaki moyoni. Hawa wazazi wako walikosea kidogo tu, wangekuita kama yule mtoto wa zahanati."

"Semeni."

"Ehe. Semeni. Si ndiyo nakwambia?"

*

Siku ya kikao uwanja wa zahanati ulijaa. Daktari Mbonde alisema maneno ya ufunguzi, kisha akamtazama Zamoyoni, akakaa.

Zamoyoni akasimama. Miguu ikaanza kupandana, akaizuia. Alisema kwa sauti ndogo, watu wakapiga kelele "Hatusikii!", akasema tena kwa sauti kubwa kuliko alivyowahi kuisikia ikimtoka. Alisema kulikuwa na nafasi ya herufi tano. Alisema aliandika jina la mdogo wake aliyekufa, na kwenye fomu akadanganya. Alisema mashine haioni ubaya, lakini ubaya wa kutowauliza mashine haiwezi kuuona. Alisema ndoto ya watoto inatoka huko, anavyofikiri yeye, ingawa hana namna ya kuithibitisha.

Mbuzi wa mtu akalia.

Halafu uwanja ukalipuka. Mzee mmoja alisema wamewekewa maiti mwilini. Kijana mmoja akamwambia aache ushamba, ni herufi tu. Mama mmoja aliinuka, akambeba mtoto wake mgongoni, akaondoka bila neno, na huyo ndiye aliyemuumiza Zamoyoni kuliko wote waliofoka. Mama yake Semeni alisubiri kelele zipungue.

"Wewe dada," akasema. "Wewe mwenyewe ungekubali mdogo wangu mimi aandikwe kwenye damu ya mtoto wako, usiambiwe?"

"Nisingekubali."

"Haya. Itoeni hiyo bawaba mweke nyingine. Wangu nitamleta. Lakini fanyeni haraka, mawingu hayo nayaona."

Kamati ilisimamisha chanjo jioni ileile, na kadi ya Zamoyoni ya kuingilia mwangani ikachukuliwa. Wenzake wakaanza kulikunja upya shati kwa bawaba ya kawaida, G nne na S moja, isiyotaja jina la mtu wala kitu. Lakini vidole vyao havikulijua Shati Namba Arobaini. Kwa hiyo Zamoyoni alikaa kizingitini, miguu peku, nje ya mwanga kwa shibiri moja, akawaongoza kwa mdomo. "Legeza hapo. Hapana, usivute. Lisubiri. Linataka kugeuka lenyewe." Siku kumi na nane aliongea kuliko miaka yake yote, mpaka sauti ikakauka.

Siku ya kumi na tisa shati lilikaa, wakaipa hamira maelekezo. Siku ya ishirini mvua ikanyesha. Iliwahi siku tatu.

*

Watoto sita walishikwa na homa kabla dozi ya tatu haijatoka kwenye mapipa. Watano homa iliwatoka kwa dawa. Wa sita alikuwa Semeni.

Walimlaza kwenye wodi ndogo ya Kituo, dripu mkononi, nywele zake zimefumuka nusu. Siku mbili alikuwa moto, na mara moja mwili ulimkaza, macho yakageuka, mama yake akapiga ukelele uliofika ukumbini. Zamoyoni aliposikia ule ukelele aliujua. Aliwahi kuusikia, saa nane mchana, mvua inanyesha. Alikimbia peku kwenye matope.

Alidhani atafukuzwa. Mama yake Semeni alimtazama, uso umevimba kwa kukesha, akasogea kidogo kwenye benchi.

"Kaa," akasema. "Usinishike tu."

Akakaa. Bati lilikuwa linanguruma kwa mvua. Daktari Mbonde alikuja, akampima mtoto, akaenda, hakumtazama Zamoyoni na hakuwa na haja, maana maneno yake yote ya siku ile yalikuwa yamelala pale kitandani, yana miaka sita. Kama mtoto huyu angekufa, Zamoyoni asingekuwa na mahali pa kuuweka ule ukweli wake. Aliushika moyoni, ukawa mzito, lakini hata pale, hata akisikia ile pumzi fupifupi, hakuweza kutamani angenyamaza. Alitamani tu angeuliza mwanzoni.

Mama yake Semeni akasinzia amekaa. Mvua ikashuka kutoka ngurumo mpaka mchirizo. Kwenye saa tisa mchana jasho lilianza kumtoka mtoto, kwanza juu ya mdomo, halafu shingoni, halafu shuka zima likalowa. Akafumbua macho. Yalikuwa meupe, yametulia.

"Kaja," Semeni akasema.

"Nani?"

"Yule. Mlango ulikuwa wazi, wenzangu wote wamelala. Nilikuwa mimi tu." Akalamba midomo. Zamoyoni akamnywesha maji kwa kijiko. "Nikaokota jiwe. Halafu nikamwambia, kwani hilo shati lako? Akatingisha kichwa kukataa. Nikamwambia basi livue, uliache hapohapo nje."

"Akafanyaje?"

"Akalivua. Kumbe ndani ana gauni." Semeni akafumba macho tena, usingizi wa kawaida sasa, wa mtoto aliyechoka. Sauti yake ilikuwa inaishia. "La bluu. Nikamfunga vifungo, ila cha juu kimenishinda. Chekundu. Kikubwa, hakipiti tundu."

Zamoyoni akakiweka kijiko chini polepole, kisigonge.

"Na sasa yuko wapi?"

"Ndani," Semeni akasema.